Ukurasa wa 61

Mjukuu wangu wa kike alifika Bumbuli mwezi wa Julai, msimu ambao ukungu hukaa bondeni mpaka saa nne za asubuhi na watu wazima hawataki kubanduka jikoni. Alishuka kwenye basi dogo lililotoka Soni akiwa na mkoba mdogo wa nguo na mkoba mkubwa wa kompyuta. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi yake aliutazama ule mkoba mkubwa akauliza, "Umekuja likizo au umehamisha ofisi?" Mtoto alicheka tu. Siku ya pili tulilijua jibu.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 37, na zaidi ya 20 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu, wala sikuwahi kuwa na kompyuta shuleni. Mashine yetu kubwa ilikuwa ile ya kurudufu mitihani kwa stensili, nayo ilikuwa ya kuazima. Kwa hiyo msomaji asinitegemee kwa ufundi. Ninayoyaandika hapa ni yale aliyonieleza mjukuu wangu barazani kwa siku sita, nami nikimrudisha nyuma kila alipokimbia, kama nilivyozoea kuwarudisha watoto wa darasa la tano kwenye hesabu za sehemu.

Anafanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ndogo ya kuandika programu. Lugha wanayoitumia ni Java, iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Mwandishi wa programu, alinieleza, haandiki kila kitu mwenyewe. Akitaka kuhesabu tarehe, kupanga majina kwa alfabeti au kufungua faili, huazima kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine na kukusanywa pamoja. Mkusanyiko huo nao huitwa maktaba. Nililipenda neno hilo, ingawa maktaba yenyewe haina rafu wala mtu wa kukuambia unyamaze.

Sasa programu ikiwa kubwa, lazima iwe na maelezo, ili anayekuja baadaye ajue kipande fulani kinafanya nini na kinataka kupewa nini. Nilidhani maelezo hayo huandikwa katika daftari la pembeni. Sivyo. Mwandishi huyaweka humo humo ndani ya programu, juu ya kila kipande, yakianza na alama ya mkwaju na nyota mbili. Kisha chombo kiitwacho javadoc hupita, huyaokota yote na kuyapanga kuwa kurasa zenye vichwa, faharasa na viungo vya kubonyeza. Ukibadili programu na maelezo yake, unakiendesha chombo upya na kurasa zinazaliwa upya. Laiti tungekuwa na kitu kama hicho wakati wa kuandika taarifa za mwisho wa muhula!

Lakini javadoc ya toleo wanalolitumia wao huzijua kurasa za nyumbani kwake tu. Ikikutana na jina la kitu kilichoazimwa, mathalani Calendar, huliandika jina hilo kavu, kama neno jingine lolote. Msomaji hulisoma akapita. Ili jina lile liwe kiungo cha kumpeleka msomaji mpaka kwenye ukurasa wa rejea wa maktaba yenyewe, ni lazima ukiambie chombo kwamba kurasa za wenzetu ziko katika anwani fulani. Amri ya kufanya hivyo ni -link. Wenzake wanaotumia lugha ya Python wana chombo kiitwacho Sphinx, nacho kina utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Nikamwuliza kama hilo ndilo lililomkunja uso tangu asubuhi, neno moja kuwa na kiungo au kutokuwa nacho. Akafunga kompyuta. Ndipo aliponisimulia habari ya kadi za kliniki.

Kampuni yao ilikuwa imetengeneza programu ya kutoa tarehe za watoto wachanga kurudi kliniki. Hapa kwetu mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubela anapotimiza miezi 9 na tena miezi 18. Kijana mmoja wa kampuni ile, si mvivu wala si mjinga, aliandika kipande cha kuhesabu miezi hiyo. Aliichukua tarehe ya kuzaliwa kutoka sehemu mpya ya programu, ambamo Machi ni 3, akaipeleka kwenye Calendar, ambayo ni chombo cha zamani cha Java. Katika Calendar miezi huhesabiwa kuanzia sifuri. Januari ni 0, Februari ni 1, na 3 ni Aprili.

Basi mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Machi akawa amezaliwa tarehe 10 Aprili. Chanjo yake ya miezi 9, iliyopasa kuwa 10 Desemba, ikaandikwa 10 Januari. Na wale waliozaliwa Desemba? Nilidhani hapo mashine ingekwama, maana ukianza na sifuri hakuna mwezi wa 12. La hasha. Calendar ina upole wake. Ukiipa mwezi usiokuwepo haikukatalii, mpaka uwe umeiamuru iwe kali. Huusogeza mbele ukawa Januari ya mwaka unaofuata, na kazi ikaendelea kana kwamba hapana lililotokea. Nimewahi kuwa na karani wa namna hiyo.

Kosa lilidumu wiki tano. Aliyelikamata ni muuguzi mmoja mwenye desturi ya kuhesabu kwa vidole mbele ya mama kabla ya kumkabidhi kadi yake. Alihesabu, akaitazama kadi, akahesabu tena, akapiga simu. Watoto waliitwa upya mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine kwa kufuatwa majumbani. Hakuna aliyedhurika, mjukuu wangu alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kwa wale tuliowapata, Babu."

Katika kurasa za rejea za Java jambo hilo limeandikwa waziwazi, kwamba mwezi wa kwanza ni sifuri. Yule kijana hakuzifungua. Katika kurasa za kampuni yao, pale alipokuwa akisoma, jina Calendar lilikuwa limekaa kavu.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka. Tunahesabu saa kuanzia kwenye kukucha na kuchwa kwa jua, na wenzetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Miaka ya themanini alikuja kwetu mgeni kutoka Ulaya, akaambiwa kwamba basi la Tanga huondoka saa kumi na moja. Alifika stendi saa tano ya asubuhi kwa hesabu yetu, na ndizi zake za njiani mkononi, basi limekwisha kupita Segera. Naye saa yake alikuwa ameisoma sawasawa kabisa.

Kosa liliposahihishwa, mkuu wao aliagiza kwamba kila jina la kuazimwa katika kurasa zao liunganishwe na ukurasa wa rejea wa mwenye maktaba. Kazi hiyo ikamwangukia mjukuu wangu, naye akaja nayo likizo.

Shida ilikuwa mtandao. Nyumba yetu iko kwenye bonde dogo nyuma ya mgongo wa mlima, na mawimbi ya simu huyapati mpaka upande hadi ukingoni mwa shamba la chai. Na javadoc, kabla ya kuunganisha, hutaka kwanza kuichukua orodha ya yaliyomo katika maktaba ile kutoka kwenye tovuti yake. Faili la orodha hiyo zamani liliitwa package-list. Tangu toleo la 10 la Java, lililotoka mwaka 2018, huitwa element-list. Kwa orodha hiyo chombo hujua kundi gani la majina liko kwa nani, kisha hujitungia chenyewe anwani ya kila ukurasa kwa kufuata kanuni. Kikiikosa orodha hunung'unika, na majina yanabaki makavu.

Asubuhi mbili alipanda huko juu na kompyuta kifuani, imefungwa katika khanga ya bibi yake. Siku ya kwanza mawimbi yalikatika. Siku ya pili betri ilikwisha. Jioni akakumbuka amri nyingine, -linkoffline, ambayo hupewa vitu viwili: anwani ya mbali itakayoandikwa katika viungo, na mahali pa karibu ilipowekwa nakala ya orodha. Akapanda tena akiwa na simu tu, akaiteremsha orodha, faili dogo sana, akarudi kufanya kazi yake karibu na moto. Nikaona kwamba anayeandika rejea si lazima awe na kitabu kizima mkononi. Akiwa na ukurasa wa yaliyomo, anaweza kumwelekeza mwingine.

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya ukurasa wa 61, ambayo sikuwahi kuieleza nje ya ofisi ya walimu.

Mwalimu yeyote anayesoma hapa anajua azimio la kazi. Ni jedwali lenye mwezi, juma, mada, mada ndogo, vipindi, vitendo vya mwalimu na vya wanafunzi, zana, na safu nyembamba ya rejea. Safu hiyo ya rejea tuliijaza haraka haraka, jina la kitabu na namba ya ukurasa, maana wakaguzi waliangalia kama imejazwa. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu kijana, mwenye kiburi cha mwandiko mzuri. Niliandika azimio la Hisabati darasa la saba la mwaka mzima, likasifiwa, likarudufiwa na kugawiwa shule nne za jirani. Safu ya rejea niliijaza yote. Mahali kadhaa sikuandika hata mada ndogo. Niliandika tu "fuata kitabu, uk. 61", nikaona nimefupisha vizuri.

Kumbe kitabu kile kilikuwa kimechapwa upya. Chapa mpya iliongezewa mazoezi mwanzoni, na yaliyokuwa ukurasa wa 61 yakasogea mbele. Shule yangu ilikuwa na chapa ya zamani, ambayo ukurasa wake wa 61 ulianza riba. Shule moja ya upande wa pili wa mlima ilikuwa imepata chapa mpya, na wao ukurasa wa 61 ulikuwa na marudio ya sehemu.

Mwalimu wa Hisabati wa shule ile alikuwa msichana wa UPE, mmoja wa wale waliofunzwa ualimu huku wakifundisha, ili watoto wote wa nchi wapate kuingia shule. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Aliona kwamba juma lile azimio linamtaka arudie sehemu ambazo watoto walikwisha kuzipita. Alishangaa. Lakini azimio lilitoka kwa mwalimu mkuu mwenye jina, naye angeanzia wapi kuuliza? Akarudia sehemu. Majuma yaliyofuata aliendelea na mada zilizoandikwa kwa majina. Riba haikufundishwa shuleni pale mwaka ule, na katika mtihani wa kumaliza darasa la saba riba ilitoka.

Alikuja kwangu kwa miguu baada ya mtihani, kitabu chake kimeviringishwa ndani ya khanga kwa sababu ya mvua. Hakulalamika. Alikifungua ukurasa wa 61 akakiweka mezani kwangu, akalifungua azimio langu akaliweka kando yake, akanyamaza. Nami nilisema nini? Nilimwambia kwamba mwalimu hodari huangalia mada, haangalii namba. Lilikuwa neno la kweli, na aibu yake inanichoma hadi leo, kwa sababu mada mimi ndiye niliyeiacha nje.

Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi nafasi za sekondari zilivyokuwa chache enzi hizo, na jinsi alama mbili tatu zilivyoweza kumtenga mtoto na shule ya bweni. Siwezi kusema kwamba maswali yale ya riba yangempeleka mtoto fulani mbele, wala siwezi kusema kwamba yasingempeleka. Mmoja wa darasa lile huuza kabichi pale Soni. Kila ninaponunua kwake huniita mwalimu na kuniongezea kabichi moja juu. Naipokea.

Mjukuu wangu hakusema kitu kwa muda. Kisha akaigeuza kompyuta ili nione anwani aliyokuwa ameiandika katika amri yake. Mimi nikauliza swali moja tu nililokuwa na uwezo wa kuuliza: "Hiyo ni chapa ya ngapi?"

Akajishika kichwa. Alikuwa ameelekeza kwenye kurasa za toleo la karibuni, wakati programu yao ingali inatumia toleo la 8 la mwaka 2014. Katika toleo jipya kuna vitu ambavyo katika la 8 havimo, kwa hiyo msomaji angeonyeshwa kitu kizuri, akakitumia, kisha akaambiwa na mashine kwamba hakipo. Tena tangu toleo la 11, lililotoka Septemba 2018, anwani za kurasa zenyewe zimeingizwa katikati jina la moduli, kama java.base, ambalo zile za toleo la 8 hazina. Kurasa zimesogea kama za kitabu changu. Kesho yake akapanda mlima mara ya nne kuichukua package-list ya toleo la 8. Bibi yake alimfungia mahindi ya kuchoma.

Hata chapa ikiwa sahihi, mwenye kitabu anaweza kuhama nyumba. Sun Microsystems ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, na kurasa za rejea zilizokuwa katika anwani ya java.sun.com zikahamia docs.oracle.com. Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni mfumo wa kurasa za intaneti, aliwahi kuwaasa wenye tovuti mwaka 1998 wasibadili anwani zao ovyo. Mjukuu wangu anasema wamemsikia nusu nusu.

Tulibishana katika jambo moja, na sidhani kama tulimaliza. Mimi nilimwambia kwamba habari ya mwezi kuanzia sifuri iandikwe katika ukurasa wao wenyewe, kwa maneno yao wenyewe. Yeye akapinga. Alisema, "Ukinakili maelezo ya mtu, Babu, siku akiyabadili wewe unabaki na uongo. Ndiyo maana tunaweka kiungo, kila jambo likae kwa mwenyewe." Ni hoja nzuri, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwuliza: yule kijana, kama jina Calendar lingekuwa na kiungo siku ile, angebonyeza? Alikuwa na haraka, na alidhani anajua mwezi ni nini. Nani anayefungua kamusi kutafuta neno "mwezi"?

Akafikiri. "Labda asingebonyeza," akasema.

"Basi pale penye mwiba pasemwe kuna mwiba. Mengine yaachie kiungo."

Akaandika sentensi moja, kwamba hapa miezi huanza na 0 na mtu asipeleke namba ya mwezi kama alivyoipata, kisha kiungo kikafuata. Nikamwuliza pia kwa nini wasiitupe kabisa hiyo Calendar. Akanijibu kwamba Java imekwisha kupata LocalDate tangu toleo hilo hilo la 8, nayo huhesabu Januari kuwa 1 kama watu wengine, na kwamba sehemu zote za zamani zitabadilishwa mwaka huu, mkuu wao akitoa muda. Nikamwambia nami niliahidiwa bati za madarasa mawili kwa maneno hayo hayo.

Usiku wa mwisho javadoc ilikubali yote isipokuwa jina moja. Lilitoka katika maktaba ndogo ambayo mwenyewe alikwisha kuifunga tovuti yake. Mjukuu wangu alijaribu njia mbili tatu, akaacha. Akaandika pembeni ya jina lile namba ya toleo na mahali nakala ya maelezo yake ilipohifadhiwa ofisini kwao.

Aliondoka Jumatatu kwa basi la saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja yetu. Mchana nililishusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati. Azimio la mwaka 1983 bado limo, karatasi zimegeuka manjano na pembe moja imeliwa na mende. Kitabu chenyewe hakifundishwi tena. Nilitafuta juma lile, nikauona mstari ule, nikachukua penseli na kuandika kando ya namba: "Riba. Chapa ya zamani."

Bibi yake alipita na sinia la maharage akaniuliza nasahihisha kazi ya nani. Nikamwambia ni yangu.